Hadithi ya Kisayansi Imweleze Msomaji Kiasi Gani?

Mwaka 1949, kabla riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, haijatoka, klabu kubwa ya vitabu nchini Marekani ilimpelekea ombi. Ingekichagua kitabu chake na kukisambaza kwa wanachama wake, mradi akubali kuondoa vipande viwili: kile kitabu cha siri ambacho mhusika mkuu, Winston Smith, anakisoma kurasa kwa kurasa katikati ya riwaya, na kiambatisho cha mwisho kinachofafanua lugha mpya ya watawala. Ombi lenyewe halikuwa la kijinga. Vipande hivyo ni maelezo matupu, na mhariri yeyote mwenye kalamu nyekundu angeanzia hapo. Orwell alikuwa mgonjwa sana wa kifua kikuu, na kuchaguliwa na klabu ile kulikuwa na fedha nyingi. Alikataa. Mwishowe klabu ikakichukua kitabu kama kilivyo.

Anthony Burgess alipatwa na mkasa wa upande wa pili. A Clockwork Orange, iliyotoka Uingereza mwaka 1962, inasimuliwa na kijana mhuni anayesema lugha ya mitaani ya siku zijazo, iliyojaa maneno yenye asili ya Kirusi, na ni maneno machache sana yanayofasiriwa pembeni. Ilipovuka kwenda Marekani ikaongezewa faharasa mwishoni, kazi ya mhakiki Stanley Edgar Hyman. Burgess hakuipenda. Alitaka msomaji azame katika maneno yale mpaka yamwingie kichwani bila ruhusa yake, maana riwaya yenyewe inahusu mtu anayeingiziwa mambo kichwani bila ruhusa yake.

Mmoja alipigania maelezo yabaki, mwingine alipigania yasiwekwe, na kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki. Hapo ndipo ushauri unaotolewa kila siku kwa waandishi wachanga wa hadithi za kisayansi, kwamba wapunguze maelezo, unapopwaya. Ushauri huo unapima wingi. Ukurasa mmoja wa maelezo unaweza kuchosha kuliko kurasa thelathini, ikiwa kile kinachoelezwa hakuna aliyekuwa akikitafuta.

Tumtazame Orwell kwa karibu, kwa kuwa ndiye anayeivunja kanuni mchana kweupe. Mapema katika riwaya Winston anaandika kwenye shajara yake kwamba anaelewa mambo yanafanywaje, lakini haelewi kwa nini yanafanywa. Kile kitabu kilichopigwa marufuku kinapomfikia mkononi tumeshavuka nusu ya safari, na sisi wasomaji tuna njaa ileile aliyo nayo yeye. Anasoma kuhusu vita visivyokwisha, kuhusu matabaka, kuhusu jinsi utawala unavyojilinda. Kisha, pale pale mwandishi wa kitabu kile anapotaka kutaja sababu iliyofichika chini ya yote, Winston anagundua kwamba mpenzi wake Julia amelala muda mrefu, anafunga kitabu. Swali la "kwa nini" linabaki wazi, na jibu lake litatolewa baadaye kwenye chumba cha mateso, na mtu ambaye pia anadai kuwa alishiriki kukiandika kitabu chenyewe. Yale tuliyodhani ni sauti ya ukweli yanageuka kuwa sehemu ya mtego. Ukiyakata maelezo yale, mtego unabaki bila chambo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza maelezo yawe kiasi gani, afadhali tuulize ni maelezo ya kitu gani. Watu huchanganya mambo mawili. Kuna kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi: injini ya chombo cha anga inasukumwa na nini, dawa ya kutozeeka inagusa nini mwilini. Halafu kuna kueleza mipaka ya kitu hicho: kinaweza nini, hakiwezi nini, na anayekitumia atalipa nini. La kwanza linaweza kukosekana kabisa na hadithi ikasimama. La pili likikosekana, hadithi huanguka hata kama sayansi yake haina kasoro.

Ushahidi wa la kwanza ni wa zamani sana. Katika Frankenstein ya Mary Shelley, ya mwaka 1818, Victor Frankenstein anamsimulia nahodha Walton maisha yake yote, lakini anapofika kwenye siri ya kutia uhai katika mwili aliouunganisha, anaona macho ya Walton yamekodoka, naye anakataa kusema. Sababu anayotoa inaingia akilini: siri hiyo imemwangamiza, hataki imwangamize na mwingine. Mwandishi ameruka maelezo ambayo hakuwa nayo, wala hayakuwepo duniani, na amefanya hivyo kupitia tabia ya mhusika. Hakuna msomaji anayehisi kudanganywa. Tunahisi hofu.

H. G. Wells alikuwa mjanja kwa namna nyingine. Katika The Time Machine, ya mwaka 1895, mwenyeji anawaeleza wageni wake baada ya chakula cha jioni kwamba wakati ni upande wa nne, baada ya urefu, upana na kimo, na kwamba mtu anaweza kusafiri humo. Nadharia hiyo inapewa nafasi ya kutosha. Mashine yenyewe hatuelezwi chochote cha maana: tunaona nikeli, pembe za ndovu, fuwele inayometameta, basi. Ila wanaosikiliza si wajinga. Yupo daktari, yupo mwanasaikolojia, na wanabisha. Kila shaka ambayo msomaji angekuwa nayo, kuna mgeni aliyeketi pale anayeisema kwa sauti. Msomaji akishasikia shaka yake imetamkwa, hutulia, hata kama haikujibiwa vizuri. Ni hila ndogo, na bado inafanya kazi leo.

Jules Verne hakuifurahia hila hiyo. Katika mahojiano ya mwaka 1903, alipoulizwa kuhusu Wells, alilalamika kwamba yeye Verne anatumia fizikia ya kweli na kupeleka watu mwezini kwa mzinga, ilhali mwenzake amebuni tu metali inayofuta nguvu ya uvutano. Aionyeshe basi hiyo metali! Lalamiko lina utamu wake, kwa sababu ukipiga hesabu, wasafiri wa Verne wanakufa. Mzinga wa riwaya yake ya mwaka 1865 una urefu wa futi 900, na kombora linatoka likienda yadi 12,000 kwa sekunde. Kufikia kasi hiyo ndani ya umbali mfupi namna ile kungewabana waliomo kwa nguvu zaidi ya mara 20,000 ya uzito wao. Maji aliyoyaweka chini ya sakafu ili kupunguza kishindo yasingewasaidia kitu. Metali ya Wells haiwezekani pia, lakini hakuna hesabu ya kuikamata nayo.

Hii haina maana kwamba Verne alikosea kueleza. Sehemu kubwa ya raha ya kitabu chake ni ile mijadala ya urefu wa mzinga na wingi wa baruti, na bila shaka kuna watoto waliokuja kuwa wahandisi kwa sababu yake. Maana yake ni kwamba kila namba unayoitoa ni mlango wa kuingilia mkaguzi. Anayetaka kutoa namba ajue amemwalika.

Sasa ile mipaka. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Kindred ya Octavia Butler, ya mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi anayeishi California mwaka 1976, ananyakuliwa ghafla na kutupwa Maryland ya enzi za utumwa. Hakuna mashine, hakuna mwanasayansi, hakuna nadharia. Butler hakueleza kamwe. Lakini polepole, pamoja na Dana, tunang'amua kanuni mbili: huvutwa kwenda kule maisha ya mvulana mmoja mzungu, Rufus, yanapokuwa hatarini, na hurudi kwao pale anapoamini kwamba yeye mwenyewe anakaribia kufa. Kanuni hizo mbili ndizo injini ya riwaya nzima. Kwa kuwa tunazijua, tunajua bei ya kurudi nyumbani. Tunajua pia kwamba Rufus akikua na kuwa mtu katili, Dana bado ataitwa kumwokoa. Fikiria Butler angetupa kurasa kumi za fizikia na kutunyima kanuni hizo. Kitabu kisingekuwepo.

Kinyume chake kinaonekana kwenye tamthilia za televisheni za vyombo vya anga. Ronald D. Moore, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Star Trek: The Next Generation, amesimulia jinsi walivyokuwa wakiandika neno "tech" ndani ya mazungumzo mahali pa istilahi, kisha washauri wa sayansi wanajaza maneno baadaye. Mhandisi anasema tuelekeze tech kwenye tech, nahodha anasema fanya hivyo, hatari inaisha. Istilahi zilikuwa nyingi na zilisikika kitaalamu, na mvutano ulikuwa sifuri, kwa sababu mtazamaji hakujua kabla ya hapo kwamba suluhisho hilo lipo, wala lingegharimu nini. Watu walewale walijua pia lini wanyamaze. Michael Okuda, aliyekuwa akishughulikia michoro na ufundi wa tamthilia hiyo, aliulizwa kile kifaa kinachoepa kanuni ya Heisenberg (kwamba huwezi kujua kwa uhakika mahali na mwendo wa chembe kwa pamoja) katika kusafirisha watu kinafanyaje kazi. Akajibu kwamba kinafanya kazi vizuri sana, asante.

Mipaka nayo ina hatari zake, usije ukadhani nimepata dawa ya kila ugonjwa. Hadithi fupi ya Tom Godwin, The Cold Equations, ya mwaka 1954, inaeleza mapema na kwa ukali kabisa: chombo kina mafuta ya kumfikisha rubani mmoja tu, na mtu yeyote aliyejificha ndani lazima atupwe nje. Halafu aliyejificha anatokea, na ni msichana aliyetaka kumwona kaka yake. Bila maelezo yale ya mwanzo tungesema mwandishi amemuua msichana kwa kupenda kwake. Lakini kwa kuwa kanuni imewekwa wazi hivyo, wasomaji wamekuwa wakiihoji tangu wakati huo: kwa nini chombo hakina akiba hata kidogo? Kwa nini mlango haukufungwa kwa kufuli? Ni nani aliyeandika sheria hiyo na kuhesabu mafuta kwa uchoyo kiasi kile? Hoja hizo naziona nzito. Maelezo yaliyokazwa sana humfanya msomaji aache kumlilia aliyekufa na kuanza kumtafuta mzembe.

Na yapo maelezo yanayoua kile yalichokuja kukieleza. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ilikuwa na Nguvu iliyozagaa katika kila kitu chenye uhai, jambo la imani na nidhamu. Mwaka 1999, filamu mpya ya mfululizo huo ikatangaza kwamba kuna viumbe vidogo ndani ya seli za mwili, vinavyohesabika kwa kipimo cha damu, na mwenye vingi ndiye mwenye kipaji. Mashabiki walikasirika, nami siwalaumu. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Baada ya kujua ni kipi cha kuelezwa, linabaki swali la wakati na sauti. Hapa waalimu wa uandishi hupenda kunukuu sentensi ya Robert Heinlein kutoka Beyond This Horizon, ya mwaka 1942: mlango ulitanuka. Haukufunguka, ulitanuka, na msomaji anajijengea mwenyewe mlango unaofunguka kama mboni ya jicho, pamoja na dunia ambayo milango ya namna hiyo haimshangazi mtu. Ni sentensi nzuri, ingawa kwa maoni yangu imesifiwa kupita kiasi. Mlango ule ni pambo. Hata usipoelewa ulivyotanuka, hadithi inasonga. Kazi ngumu ni kufanya hivyohivyo kwa kitu ambacho hadithi inakitegemea.

Tuchukue mfano wa kutunga. Kuna kituo cha mbali angani ambako hewa ni ya mgawo. Mwandishi wa kwanza anaandika hivi:

"Kama unavyojua, Mwanaidi," alisema Mhandisi Kombo, "tangu mtambo wa oksijeni uharibike miaka kumi iliyopita, kila mkazi huvaa bangili inayohesabu hewa anayovuta, na anayemaliza mgawo wake kabla ya mwezi kwisha hulazwa usingizi wa baridi."

"Ndiyo, Mhandisi," alijibu Mwanaidi. "Na mgawo huo unaweza kuhamishwa kutoka bangili moja hadi nyingine."

Maelezo yote yamo, na hakuna hata mtu mmoja. Wanaambiana wanayoyajua wote, kwa ajili ya mtu wa tatu aliyesimama nje ya ukurasa. Mwandishi wa pili amesikia kwamba maelezo ni dhambi, anakimbilia upande mwingine:

Mwanaidi aligusisha bangili yake na ya mtoto. Mlio mmoja. Kijani ikawa manjano. Alikwenda kulala.

Inasomeka vizuri, ina siri, na haisemi kitu. Huenda amelipa deni, huenda amemsalimu, huenda amezima taa. Msomaji hawezi kuhuzunika kwa sababu hajui kilichotolewa. Wa tatu anaandika:

Ngazi zilikuwa arobaini. Mwanaidi alizipanda moja moja, akipumzika kila baada ya hatua tano, mdomo ameufumba. Kule juu Juma alikuwa anakimbizana na kivuli chake.

"Juma, acha kukimbia."

"Nina siku tisa bado, mama!"

"Na mwezi umebakiza siku kumi na mbili. Njoo hapa."

Aligusisha bangili yake na ya mwanawe. Ya kwake ikatoka kijani ikawa manjano. Juma aliitazama, akaketi chini, akafumba mdomo na yeye.

Hakuna mtambo ulioharibika, hakuna miaka kumi, hata neno oksijeni halimo. Lakini tunajua pumzi zinahesabiwa, mbio zinazila, zinaweza kutolewa kwa mwingine, na manjano ni habari mbaya. Tumejua kwa kuangalia mama anavyopanda ngazi. Mazungumzo nayo yana sababu ya kuwepo: mama anamkanya mtoto, jambo ambalo angelifanya hata kama hakuna msomaji anayesikiliza. Mambo mawili hayajasemwa, yaani mgawo ukiisha kunatokea nini na mtambo uliharibikaje. La kwanza ndilo litakalotufungulisha ukurasa wa pili, na ni lazima lisemwe kabla halijampata mtu yeyote tunayemjali. Usingizi wa baridi ukitajwa kwa mara ya kwanza siku Mwanaidi anapolazwa, msomaji ameporwa zile siku za kuogopa pamoja naye. La pili linaweza kungoja mpaka sura ya mwisho, au lisisemwe kabisa.

Wapo watakaosema njia ya tatu inamchosha msomaji asiyezoea hadithi za namna hii. Ni kweli kwa kiasi fulani. Samuel Delany, mwandishi na mhakiki, ameeleza kwa miaka mingi kwamba hadithi za kisayansi zina namna yake ya kusomwa. Msomaji mzoefu akikuta neno asilolijua halalamiki, analiweka pembeni akiamini litajieleza, huku akijenga dunia kutokana na vipande. Asiye mzoefu anadhani kuna ukurasa aliouruka. Lakini uvumilivu huo hufundishwa na hadithi yenyewe: kitendawili kidogo kikijibiwa ndani ya ukurasa uleule, msomaji atakubali kusubiri sura tatu kwa kikubwa. Vitendawili saba vikirundikana katika aya ya kwanza bila hata kimoja kuteguliwa, ataweka kitabu chini, na atakuwa na haki.

Njia za kupitishia maelezo ziko nyingi, na kila moja ina bei. Iliyozeeka kuliko zote ni mgeni. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, Dzombo anatua katika jamii ambayo hajawahi kuiona, na kwa kuwa hajui chochote, wenyeji wana sababu ya kumwelewesha. Bei yake ni kwamba mgeni anaweza kugeuka mwanafunzi anayeuliza maswali ya kupangwa, na wenyeji wakawa walimu wasio na shughuli nyingine. Isaac Asimov katika Foundation aliweka vipande vya ensaiklopidia ya kubuni mwanzoni mwa sura. Hivyo humaliza kazi haraka, ila msomaji mvivu huviruka. Frank Herbert alikipa kitabu chake Dune, cha mwaka 1965, viambatisho na faharasa ndefu, akamwachia msomaji aamue mwenyewe lini aende huko nyuma. Mimi naona hiyo ni heshima, mradi hadithi isimame hata kwa asiyekwenda.

Andy Weir katika The Martian alitumia shajara ya mwanaanga aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi. Mtu aliye peke yake, anayehesabu viazi na maji ya kumfikisha siku fulani, hana budi kueleza hesabu zake kwa maandishi. Ndiyo kazi ya shajara. Namba humo ni nyingi kuliko katika riwaya kumi za kawaida, na hazichoshi, kwa kuwa kila namba inajibu kama ataishi au atakufa. Ajabu ni kwamba tukio linaloanzisha yote, dhoruba inayotishia kuangusha chombo chao, haliwezekani. Hewa ya Mirihi ina mgandamizo usiofika hata asilimia moja ya ule wa Dunia, na upepo wake hauna nguvu hiyo. Weir alilijua hilo na amelisema mwenyewe. Aliipitisha dhoruba haraka, kisha akawa mkweli kwa kila kitu kilichofuata.

Nimekuwa nikizungumza kana kwamba maelezo ni mzigo wa kubebwa kwa ustadi. Kuna vitabu ambavyo maelezo ndiyo karamu yenyewe. Liu Cixin, katika The Three-Body Problem, anatumia kurasa nyingi kueleza jinsi viumbe wa sayari nyingine wanavyokunjua protoni moja ili waandike kompyuta juu yake. Kwa kanuni za madarasani, sehemu hiyo ingekatwa yote. Nami siwezi kuisoma bila kusisimka. Siri yake ni kwamba ameieleza kama mfululizo wa ajali. Jaribio la kwanza linakosea, protoni inakunjuka kuwa uzi usio na unene, na nyuzi zinaelea kila mahali. La pili linakosea kwa njia nyingine, ya kutisha zaidi. Ndipo inapokunjuka kuwa bapa na kuifunika sayari nzima. Kila kosa linatufundisha kitu kimoja kuhusu protoni, na kila kosa ni tukio. Mhadhara wenye hatari ndani yake hauhesabiki kuwa mhadhara.

Msomaji wa vitabu vya namna hiyo haketi tu akapokea. Larry Niven alipotoa Ringworld mwaka 1970, kuhusu pete kubwa ajabu iliyojengwa kuizunguka nyota, wasomaji walifanya hesabu zao, na katika mkutano mkuu wa mashabiki mwaka 1971 wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT walipita wakiimba kwamba pete ile haina uthabiti, ingesogea na kuigonga nyota yake. Niven aliandika riwaya ya pili, na tatizo hilo likawa sehemu ya kisa chake. Angeficha vipimo asingezomewa. Asingepata pia wasomaji wa kukesha wakimpigia hesabu.

Kwa anayetaka kuona kazi moja ikielezwa na isipoelezwa, ipo 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Stanley Kubrick alikuwa amerekodi mahojiano na wanasayansi ya kufungulia filamu, na kulikuwa na mpango wa sauti ya msimulizi. Akaviondoa vyote. Filamu inakwenda karibu dakika 25 kabla ya mtu kusema neno. Riwaya ya Arthur C. Clarke, iliyotoka mwaka huohuo, inasema wazi lile jiwe jeusi la ajabu linalotokea katika filamu limeletwa kwa kazi gani na kile chumba cha mwisho ni cha nini. Ukisoma riwaya baada ya filamu unapata faraja ya kuelewa. Ukitazama filamu baada ya riwaya, jiwe limekuwa kifaa, na mshangao haurudi kirahisi. Nikilazimishwa kuchagua nachukua filamu, lakini nina hakika watu wengi waliotoka ukumbini wamechanganyikiwa waliokolewa na kitabu, na huenda wasingeipenda filamu bila hicho.

Mwandishi mwenyewe hawezi kuona kiasi alichotoa, kwa kuwa yeye anajua yote. Sentensi iliyo pungufu inamsomekea kamili. Anahitaji mtu mwingine asome rasimu, na hapo swali analomuuliza lina uzito kuliko mtu anavyodhani. "Umeelewa?" halifai, watu huitikia kwa adabu. "Ulichoka wapi?" ni bora kidogo. Linalofaa zaidi ni kumsimamisha msomaji katikati ya rasimu na kumuuliza anadhani mhusika atafanya nini sasa, na akikifanya kitamgharimu nini. Akijibu sawasawa kuhusu gharama lakini akakosea kuhusu atakachofanya, maelezo yametosha. Akishindwa kutaja gharama, kuna kanuni iliyobaki kwenye daftari la mwandishi na haikufika kwenye ukurasa. Na akianza kueleza kwa shauku jinsi bangili inavyohesabu pumzi, jambo ambalo rasimu haikuligusia popote, usiongeze hata mstari mmoja pale.